Abiria wa Kiti cha Kushoto

Gari lilikuwa limesimama juani tangu asubuhi. Injini ilikuwa imezimwa, vioo vimefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Makuach. Bati la geti lilikuwa la moto kiasi kwamba hukuweza kuliegemea. Lakini Achok alipofungua mlango wa nyuma na kuingiza kichwa, alipokewa na baridi. Ilikuwa baridi ya chumba ambacho mtu amekaa ndani na kiyoyozi kwa saa nyingi, na pamoja nayo ilikuja harufu ya udi na waridi, kama vile kuna mwanamke aliyemaliza kujifukiza na kutoka muda huo huo.

"Baba Ajak," akamwita mumewe. "Hii gari umeizima kweli?"

Makuach akautoa ufunguo na kuutikisa hewani. "Si huu hapa? Gari za aina hii ziko na akili yao. Ingia, acha kusimama hapo kama askari wa geti."

Achok aliingia. Mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake, polepole, bila kishindo, na mtaa wote wa New Site, hapo Juba, ukapotea: jenereta la jirani, muziki wa kioski, watoto, mbwa. Vyote vilikatika kama uzi.

Mumewe alikuwa mkandarasi wa barabara, na gari hilo hakulinunua kwa majivuno, ingawa wengi mtaani walidhani hivyo. Miaka michache nyuma, lori lake la kokoto lilipinduka karibu na Nesitu, kwenye barabara ya Nimule. Thiik, mdogo wake wa mwisho, ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na alifia chini ya lile lori. Makuach alitolewa akiwa hai, akawekewa vyuma mgongoni. Tangu siku ile hakuweza kukaa hadi chakula kikaisha mezani. Alilala sakafuni juu ya godoro jembamba, akigeuka na kuguna, na kila shimo la barabara za Juba lilikuwa msumari unaopigwa kwenye uti wake. Achok ndiye aliyemkanda kwa mafuta ya moto. Achok ndiye aliyemsikia akiita jina la Thiik usingizini. Kwa hiyo Makuach alipoambiwa kuna sedani Dubai, iliyotumika kidogo, ya kifahari kupita zote alizowahi kuziona, ambayo ukikaa kiti cha nyuma husikii barabara, hakuuliza mara mbili. Gari liliteremshwa Mombasa, likapakiwa juu ya lori, likaingia kwa mpaka wa Nimule.

Dereva wao, Job, Mkenya mpole kutoka Malava, alikuwa ameendesha magari ya wakubwa wengi, lakini hili alilishika kama anayeshika mtoto mchanga. Siku ya kwanza walipotoka nalo kuelekea Nesitu alishindwa kunyamaza.

"Mzee, hii haina springi za chuma. Inakalia hewa. Iko na kamera inaangalia barabara mbele, ikiona shimo inaambia kila gurudumu lijipange. Halafu vioo ni viwili viwili. Silinda kumi na mbili, mzee! Hebu tazama chai ya madam."

Achok akaitazama chai yake kwenye kishikio cha glasi. Barabara ilikuwa na makovu na viraka, lakini chai ilikuwa imetulia kama imewekwa juu ya kaburi. Alipotazama nje aliona miti ikipita kwa kasi ya kutisha, na malori waliyoyapita yalionekana kama yamesimama. Job alikanyaga kidogo tu, na gari likajinyoosha kama mnyama aliyekuwa akingoja kuambiwa.

Kiti cha Makuach kilijilaza chenyewe. Kikamwinua miguu, kikaanza kumkanda. Achok alimwona mumewe akifumbua mdomo, akaogopa kwamba ni maumivu. Kumbe alikuwa analia kwa nafuu.

"Haiumi," alisema. "Mama Ajak, haiumi kabisa."

Kisha akalala usingizi mzito, kinywa wazi, uso umelegea kama wa kijana. Achok alimshukuru Mungu. Naye akaegemea kwenye kiti chake cha kushoto, na baada ya muda akahisi kukandwa kumeanza kwake pia, kiunoni kwanza, kisha kukapanda taratibu hadi chini ya mabega, mahali penyewe hasa palipokuwa na uchovu wake. Akafumba macho. Vidole vikafika shingoni, na hapo akahisi kucha.

"Job, hii masaji yenu mpaka iko na kucha," akasema akicheka.

Job akamtazama kwenye kioo. "Masaji gani, madam?"

"Hii ya kiti."

"Masaji iko upande wa mzee peke yake." Sauti ya Job ilishuka. "Hiyo siti yako mashine yake ilikuwa imekufa. Fundi aliitoa yote kule Mombasa. Huko ndani kuna sponji tu."

Achok akajivuta mbele haraka. Njia nzima ya kurudi hakuegemea tena.

Siku zilizofuata, Makuach alianza kunywa chai ya asubuhi ndani ya gari. Kisha akawa anapelekewa chakula cha mchana humo humo, gari limeegeshwa uani. Alisema ofisini kuna kelele, nyumbani kuna joto. Mwanzoni Achok hakumlaumu. Nani angemlaumu mtu aliyeteseka hivyo? Lakini alasiri moja Job alikuja hadi mlango wa jikoni, akasimama akizungushazungusha kofia yake mikononi.

"Madam, gari inalia ile kengele ya mkanda."

"Basi mwambie mzee afunge."

"Mzee amefunga. Inasema ni abiria wa nyuma kushoto."

"Sensa imeharibika."

"Hata mimi nilisema hivyo. Leo nikasimama kando ya barabara kule Bilpam, nikauvuta ule mkanda nikaufunga siti ikiwa tupu, ili inyamaze."

"Ikanyamaza?"

"Ikanyamaza." Job aligeuka kuangalia uani, kisha akasema kwa mnong'ono, "Lakini mkanda haukulala kwa siti, madam. Ulikaa mbele kidogo. Kama umezunguka tumbo la mtu."

Achok alimwambia aache maneno hayo. Lakini jioni, jua likiwa bado halijazama, alikwenda kumwita mumewe, na kupitia kioo akamwona anazungumza. Midomo yake ilikuwa inakwenda taratibu, ameinamisha kichwa kushoto, anatabasamu kwa namna ambayo Achok hakuwa ameiona tangu walipokuwa wachumba Eldoret. Hakuna sauti iliyotoka nje. Gari lile halikuvujisha hata pumzi. Akaufungua mlango.

"Unaongea na nani?"

"Simu," akajibu Makuach. "Mambo ya kazi."

Simu yake ilikuwa sebuleni, inachajiwa. Achok alikuwa ameipita dakika hiyo hiyo. Na ngozi ya kiti cha kushoto, ngozi ile laini ya rangi ya maziwa, ilikuwa imebonyea katikati. Alipokuwa akiitazama ilianza kuinuka polepole, kama godoro baada ya mtu kuondoka.

Alijiambia kwamba yeye ndiye mke wa nyumba hiyo, na kiti hicho ni chake. Shangazi wa Makuach alipougua kule Nesitu na ikabidi waende kumwona, Achok alivaa nguo yake nzuri, akaingia akakikalia, akafunga mkanda mbele ya macho ya mumewe.

Walikuwa bado hawajalimaliza jiji kengele ilipoanza. Tin. Tin. Tin. Achok alikuwa amejifunga. Job akaangalia dashibodi, akaangalia nyuma. Makuach alikuwa ameshalala. Mji ukaisha, vilima vikaanza, na ile sauti laini ya kike ya kuelekeza njia, ambayo siku zote ilizungumza Kiingereza, ikasema kwa Kiswahili, taratibu kabisa:

"Mshushe."

"Madam, umesema nini?" Job aliuliza.

"Sijasema kitu."

"Mshushe," ikarudia. "Amenikalia."

Achok akataka kuinuka lakini mkanda ukamvuta nyuma, ukamvuta tena, ukaanza kumkaza kifuani kama mkono wa mwanamume mwenye hasira, na chini yake kiti kikawa cha moto, moto wa jiko lililosahauliwa, ukipita kwenye nguo hadi kwenye nyama, huku shingo yake ikiwa baridi kwa sababu mtu alikuwa akimpumulia hapo, pumzi ya udi na waridi na chini ya waridi kitu kingine, kama nywele zilizoungua. Akapiga kelele, na kelele yake ikanywewa na yale mazulia manene na ile ngozi na vile vioo viwili viwili hata yeye mwenyewe akaisikia kama inatoka mbali, na Job alikuwa anakanyaga breki kwa miguu yote miwili lakini gari lilikuwa linaongeza mwendo, laini, bila mtikisiko, miti ikawa ukuta mmoja wa kijani, na hapo mlango wa upande wa Achok ukajifungua, ule mlango ambao siku zote ulijifunga kwa adabu sasa ukajisukuma wazi dhidi ya upepo, na mkanda uliokuwa unamnyonga ukamwachia ghafla, ukamwacha huru kabisa juu ya lami iliyokuwa inakimbia.

Alishika kitu cha kwanza alichokifikia, nacho kilikuwa nywele za Job. Job akapiga yowe, akapeleka mkono wake mmoja nyuma, akamshika kwenye kwapa na kumng'ang'ania, na mkono wa pili akazungusha usukani. Gari likaacha lami, likapanda majani, likasimama lenyewe, kwa upole, kama linafika hotelini.

Achok alishuka akitambaa. Mapaja yake yalikuwa yametoka malengelenge. Makuach alifumbua macho, akamtazama mkewe aliyekuwa anatapika kando ya barabara, na akakunja uso kama mtu aliyekatizwa ndoto.

"Ungekaa mbele tu," alisema. "Hapendi kubanwa."

"Nani hapendi?"

Makuach akafumba macho tena.

Baada ya hapo, hata gari liliporudishwa uani, Makuach hakushuka. Alikula garini, alilala garini, na alipotoka kujisaidia alitembea kwa vidole vya miguu, mbiombio, kama ardhi inamchoma. Alikula kidogo na kukonda, lakini ngozi yake ililainika na kung'aa. Achok alipombadilisha shati alitafuta kovu la mgongoni, lile kovu refu alilolipaka mafuta kwa mikono yake, hakuliona. Mgongo ulikuwa laini kama wa mtoto.

"Baba Ajak," alimwambia siku ile, akiwa amesimama nje ya mlango kwa sababu aliogopa kuingia, "padri ameuliza kuhusu misa ya Thiik. Tumwambie mwezi huu au ujao?"

Makuach akamwangalia kwa macho matulivu.

"Thiik gani?"

"Ndugu yako."

"Mimi sina ndugu anaitwa Thiik," akasema, na akaegemea upande wa kushoto, akacheka kidogo, kama mtu aliyenong'onezwa utani.

Mlango ukajifunga. Achok alibaki pale juani. Hofu yote ya barabarani haikuwa kitu mbele ya hii. Mtu huyu alikuwa ameliita jina lile kila usiku.

Alikwenda kwa Mama Fortunate, mwanamke wa Uganda aliyekuwa na duka la vitambaa na kanisa dogo la mabati nyuma yake, na ambaye watu wa New Site walimwendea pale hospitali ziliposhindwa kuwaambia wanaumwa nini. Mama Fortunate alimsikiliza hadi mwisho, huku akikunja kitambaa kile kile mara nyingi bila kukitazama.

"Mimi iko naona mapepo mingi," alisema hatimaye. "Ingine inapiga kelele, ingine inaangusha mtu. Hii hapana. Hii ni jini. Na hii iko inabembeleza. Hiyo ndiyo mbaya sana."

"Inataka nini kwake?"

"Inakula ile kitu inauma. Inakula taratibu, na mtu anasema asante. Sasa angalia, ndugu yake iko ndani ya hiyo maumivu. Ikikula maumivu, inakula na ndugu. Kesho itakula wewe. Itakula mtoto. Mwisho atabaki nyama tu, imekaa kwa kiti nzuri."

"Tuichome gari?"

"Na bwana yako ndani? Hapana. Lazima atoke mwenyewe. Na hawezi kutoka kama haumii." Mama Fortunate alimshika mkono. "Mama Ajak, wewe lazima unamrudishia. Utaweza?"

Achok alikuwa amewasha mishumaa mingi maishani akiomba mume wake asiumwe.

Waliliendea gari mchana, wao wawili na Job, jua likiwa utosini, kwa sababu Mama Fortunate alisema majini wana nguvu ya kutosha, hatawaongezea na giza. Job alifungua buti akang'oa nyaya za betri. Taa zote zilizimika, lakini gari halikushuka hata kidogo. Lilibaki limejiinua juu ya ile hewa yake, na kwenye mianya ya milango baridi ilikuwa inatoka na kutambaa uani hadi kwenye vifundo vyao vya miguu. Mama Fortunate alilizunguka akiomba kwa sauti nzito, akipaka mafuta kila mlango. Mafuta yaliganda palepale, meupe kama nta. Boneti likaanza kunguruma, mngurumo wa chini, wa kooni, na hapakuwa na injini iliyowashwa.

"Ya nje nimefanya," alisema Mama Fortunate. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Ya ndani ni yako. Usijibu ikiongea. Ongea na bwana yako tu."

Achok akaingia upande wa kushoto.

Mlango ulipojifunga alisikia damu yake mwenyewe masikioni. Hapakuwa na sauti nyingine duniani. Na alijua mara moja kwamba hakukaa juu ya kiti. Alikuwa amekaa juu ya mapaja, membamba, magumu, na magoti ya mapaja hayo yalikuwa yamefika mbali mno, na taratibu mikono miwili asiyoiona ikamzunguka kiunoni.

"Umerudi," ilisema sauti ile, sasa sikioni pake, sio kwenye spika. "Umemkanda miaka yote. Ulimponya?"

"Baba Ajak," alisema Achok. "Nitazame."

"Mimi nimemponya kwa mara moja. Unamtakia nini? Unataka alie tena?"

"Baba Ajak. Mlitoka na lori asubuhi. Thiik ndiye aliyeendesha. Alikuwa amevaa shati la mpira wa miguu, lile la njano."

Makuach alikuwa anaangalia mbele, akitabasamu. Mikono ikaanza kumbana Achok, na kucha zikaingia.

"Na wewe umechoka," ilisema sauti, na sasa ilikuwa na huruma, huruma ya kuyeyusha mifupa. "Hakuna aliyekukanda wewe. Lala kidogo. Lala, nami nitakubebea."

Na Achok alitaka. Alihisi mwili wake wote ukilegea, alihisi usingizi ukimpanda kama maji ya uvuguvugu, akausahau uso wa mama yake, akajua kwamba ameusahau na hakujali, kisha akaanza kulitafuta jina la binti yake na jina halikuwepo mahali lilipokuwa siku zote, na hapo akashtuka, akauma mkono wake mwenyewe kwa nguvu zote hadi akaonja damu, akapaza sauti, akasema haraka haraka kabla kingine hakijaondoka:

"Alikuwa anaimba! Thiik alikuwa anaimba vibaya, ukamwambia apunguze mwendo, akacheka. Uliniambia wewe mwenyewe. Gurudumu likapasuka. Ulipozinduka hukuweza kugeuka, lakini mkono wake ulikuwa umetokea dirishani, ukaushika. Ulikuwa bado wa moto. Aliufinya mkono wako, Makuach. Aliufinya mara moja. Nawe ulimshika hadi watu wakaja, wakakukuta umemshika mtu aliyekwisha kupoa, wakashindwa kuvitenganisha vidole vyenu."

Tabasamu la Makuach lilitetemeka pembeni.

"Nyamaza!" ilisema sauti, na huruma ilikuwa imekwisha. Vioo vyote vikapigwa ukungu kwa pamoja.

"Alikuwa..." Makuach alisema. Alitafuta neno kama mtu anayepapasa gizani. "Alikuwa amevaa saa yangu."

"Ndiyo."

"Nilimkopesha. Ilikuwa bado inatembea." Uso wake ukakunjamana. "Thiik. Ndugu yangu Thiik."

Kisha maumivu yakaja. Yalimjia yote pamoja, na yowe alilolitoa lilipenya hata vile vioo. Job alisema baadaye kwamba ndiyo sauti pekee aliyowahi kuisikia ikitoka ndani ya gari lile. Makuach alijipinda, akausukuma mlango kwa bega, akadondokea kwenye changarawe. Achok akataka kumfuata, mikono ikamkatalia. Ilimvuta nyuma, ndani zaidi ya kiti, ngozi ikaanza kumfunika mabega. Na gari likaanza kwenda.

Ni Makuach aliyemtoa. Mtu ambaye mgongo wake ulikuwa umefunguka upya kama siku ya kwanza alijikokota kwa magoti kando ya gari linaloondoka, akaingiza mkono, akamkamata mkewe kifundo cha mkono na kumvuta, akilia kama ng'ombe anayechinjwa, hadi wote wawili wakaanguka mavumbini.

Lile gari, betri imeng'olewa, usukani hauna mtu, lilirudi kinyumenyume, likalibomoa geti, likageuka kwa ustadi barabarani na kuondoka. Halikutoa mlio. Halikutimua hata vumbi.

Walilitolea taarifa, hakuna aliyeliona. Makuach alirudi kwenye godoro lake la sakafuni. Kovu lilikuwa limerudi mahali pake. Kulikuwa na siku alizomtazama Achok kwa chuki ya wazi, na siku moja alimwambia, "Ungeniacha tu." Lakini misa ya Thiik ilipofika alikwenda, akasimama hadi mwisho, amemshika mkewe begani kwa nguvu ya kumwachia alama.

Job aliomba ruhusa kurudi kwao Kenya. Alisema amechoka. Wakaagana naye vizuri, akapanda lori la mtu anayemfahamu. Alasiri ile ile simu ya Achok ikalia.

"Madam, niko Nesitu. Tumesimama kula." Nyuma yake kulikuwa na zogo la malori, honi, wauza maji. "Madam, iko hapa."

"Nini iko hapo?"

"Gari. Imeegeshwa kando, milango wazi. Madereva wanapanga foleni. Kila mtu anakaa kidogo, anapoa na hii jua, anatoka anacheka. Kuna mmoja anauliza wenzake yeye ni wa wapi. Wanadhani anafanya mzaha."

Achok alikuwa amesimama tayari. "Job, nisikilize. Usikaribie. Panda lori lenu uondoke."

"Nimewaambia, madam. Nimewaambia wote." Kisha sauti yake ikawa nzito, kama ya mtu aliyechoka tangu zamani. "Lakini safari ni ndefu, madam. Na unajua mimi sijawahi kukaa nyuma. Nitakaa kidogo tu."

"Job!"

Akasikia mguso laini wa mlango. Zogo lote la Nesitu likakatika kwa mara moja, ikabaki pumzi ya mtu aliyeridhika.

Achok alipogeuka, Makuach alikuwa ameshika ukuta na anajiinua. Uso ulikuwa wa kijivu kwa maumivu, lakini alisimama.

"Tafuta gari kwa jirani," alisema. "Mimi najua jinsi ya kumwita."

Walikwenda kwa Land Cruiser kuukuu ya jirani, na kila shimo Makuach alilipokea kwa meno yaliyoumana bila kumwomba jirani apunguze mwendo. Walifika jua likishuka. Foleni ilikuwa imetawanyika. Gari lilikuwa limeshaondoka kuelekea Nimule, watu walisema, bila mlio, na aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma aliwapungia mkono. Kando ya lami vilibaki viatu vya Job, vimepangwa jozi, kama vya mtu aliyeingia nyumbani kwake.

Makuach akasimama katikati ya barabara.

"Job!" akaita. "Job!"

Kisha akageuka kwa mkewe, na Achok akaona machoni mwake kitu kibaya kuliko maumivu.

"Nimwambie nini? Alifiwa na nani huyu? Kitu gani kilikuwa kinamuuma?"

Achok alijua Job alipenda chai bila sukari. Alijua anatoka Malava. Alikuwa amekaa nyuma ya kisogo chake kwa muda wote ule, amewahi kuokolewa na mkono wake, na hakuwahi kumuuliza hata jina la mama yake.

Malori yalikuwa yanapita, yakipiga honi, yakiwakwepa. Makuach akarudi kuitazama ile barabara nyeusi inayokwenda Nimule, akavuta pumzi, akaita tena jina lile moja walilokuwa nalo.